Dhahabu Kwenye Gurudumu la Mbele

Kuna harufu ambayo ikinifikia puani, hata niwe nimeshika nini mkononi, nasimama. Ni harufu ya breki zilizochemka. Wengine husema inafanana na mpira ulioungua, wengine husema nywele. Mimi naiona iko katikati ya hivyo viwili, na nyuma yake kuna ukali kama wa pasi ya mkaa iliyosahauliwa juu ya shati. Wiki iliyopita ilinikuta stendi nikinunua machungwa. Basi la kutoka Geita lilikuwa limeingia, magurudumu ya mbele yakifuka moshi mwembamba, na abiria wanashuka wanacheka na kugombea mizigo yao kama kawaida. Hakuna aliyegeuka kuyatazama yale magurudumu. Muuza machungwa alininyooshea mfuko wangu, akangoja, akachoka, akauweka chini.

Mtaniwia radhi. Siwezi kuisikia harufu ile nikaendelea na machungwa. Inanirudisha kwenye lori la Baba.

Nasema "lori la Baba" kama wengine wanavyosema cheo cha baba yao, maana mtaani kwetu Nyasubi, pale Kahama, lilitupa heshima ileile. Lilikuwa la tani saba, rangi yake ya buluu imepauka mpaka haina jina, na lilipofika mikononi mwake lilikuwa limekwisha kuwatumikia watu ambao hatukuwajua. Kisoma kilomita chake kilikuwa kimezunguka hadi mwisho, kikaanza upya, kisha kikakata tamaa safarini na hakikusoma tena. Baba alilipenda. Alilisemesha asubuhi kabla ya kutusemesha sisi, na Mama alikuwa na mazoea ya kuwaambia wageni kwamba yeye ameolewa uke wenza na chuma.

Kazi ya lori ilikuwa mawe. Si mawe ya kujengea. Ni yale ambayo wachimbaji wa huko Katoro wanayatoa kwenye maduara yao, mashimo ya dhahabu, yakatiwa kwenye viroba, yakapelekwa karasha kusagwa kutafutwa dhahabu. Viroba vilivuja. Vumbi lake la kijivu liliingia kila mahali, kwenye viti, kwenye nguo za Baba, hata kwenye chai yake. Shule zikifungwa nilipanda naye, nikakaa juu ya mto aliouweka kiti cha katikati ili nione barabara. Sijawahi tena kukaa mahali pa juu namna ile.

Na lori liliimba. Ndivyo nilivyoamini. Baba akikanyaga breki, gurudumu la mbele upande wa kushoto lilitoa sauti nyembamba, kama mtu anayefunga mlango usiotiwa mafuta. Baadaye sauti ikanenepa, ikawa ya kukwaruza. Nilimuuliza Baba, akacheka, akasema linazeeka tu, hata bibi yako magoti yanamlia akiinuka. Mara kwa mara aliingia chini na spana akabana breki, na kwa siku kadhaa pedali ilipanda juu kama ya gari jipya. Kisha ilianza kushuka tena. Lori pia lilikuwa na tabia ya kuvuta kushoto likisimama, naye akazoea kushika usukani akiupeleka kulia kidogo. Mama alisema hata akitembea kwa miguu anaegemea kulia, na mimi nilimtazama akienda msikitini, nikaona ni kweli.

Basi ikafika harusi ya mjomba wangu, mdogo wake Mama. Alikuwa anaoa Runzewe, na kwa kawaida ya kwetu huendi ukweni mikono mitupu wala watu wachache. Shangazi, mama wadogo, bibi, majirani, watoto wao, mikeka, masufuria na ngoma, vyote vingepanda lori la Baba siku ya Jumamosi. Lilikuwa limegawanywa vichwani mwa wanawake siku nyingi kabla, nani akae wapi na nani asikae karibu na nani.

Alhamisi jioni Baba alilileta nyumbani kuliogesha, maana gari nalo lilikuwa linakwenda ukweni. Yeye na Shija, utingo wake, walichukua kabini na bodi. Mimi nilipewa magurudumu kwa sababu ndiyo yaliyolingana na kimo changu. Nililowesha tambara, nikapitisha mkono nyuma ya rimu ya gurudumu la mbele, lile lililoimba, nikatoka na tope jeusi. Na ndani ya tope mlikuwa na vijipunje vya njano vinavyong'aa.

Nilimwita Shangazi Tatu.

Huyu alikuwa dada yake Baba wa kufuatana, na maisha yake yote ya ukubwani aliyaishi Katoro, mwaloni, mahali wanapooshea mawe yaliyosagwa. Yeye alikuwa anaosha marudio, yaani mchanga ambao wenzake wamekwisha kuuosha wakautupa. Alikuja kwetu kwa ajili ya harusi, na karai lake alikuja nalo. Shangazi hakuwahi kusafiri bila karai. Akienda msibani analo. Alilitazama tambara langu. Alilikamulia ndani ya karai, akaongeza maji, akachuchumaa, akaanza kulizungusha.

Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, lakini siku ile nilibana pumzi. Mikono yake mikavu ilikuwa na upole ambao hakuwa nao mahali pengine popote. Maji yalizunguka, yakamwagika kidogo kidogo ukingoni yakichukua weusi, kisha kijivu, kisha mchanga. Mwishoni, kwenye kona ya karai, ukabaki mkia mwembamba wa njano ambao maji hayakuweza kuuondoa. Shangazi aliacha kuzungusha. Shija aliacha kusugua. Baba aliteremka kutoka juu ya bodi akiwa na povu mikononi.

Mtaniambia vyote ving'aavyo si dhahabu. Msemo huo tuliujua. Shida ni kwamba katika nchi ile hakuna anayeuamini. Kwetu ukisikia mtu amenunua kiwanja, unajua ameokota. Watu wanafagia sakafu za waliokuwa wakiyeyusha dhahabu, wanafua hata magunia yaliyobebea mawe. Kwa nini gurudumu lisishike dhahabu? Kabla jua halijazama majirani walikuwa wamejaa uani. Mmoja, mchimbaji aliyestaafu kwa sababu ya kifua, alieleza kwa ufasaha kwamba ni jambo lililotarajiwa: mawe yamevuja miaka yote hiyo, vumbi limeshuka, na dhahabu kwa kuwa ni nzito imejichagulia pa kukaa.

Baba alimsikiliza kama anavyosikilizwa daktari. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijana. Alimkataza Shija asiguse hata gurudumu la kulia. Akasema kwamba lile la kushoto halitafunguliwa na mtu yeyote kwa sasa. Kwanza litakwenda harusini, kisha litakwenda Katoro safari moja zaidi, kwenye barabara ile mbovu, ili kilichojishika huko juu nacho kishuke. Halafu ndipo tutalifungua, ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

"Kaka," Shangazi Tatu alisema, bado amechuchumaa. "Dhahabu haiogopi moto. Ngoja kwanza tuiulize."

Aliomba kijiko cha zamani. Mama alitoa sufuria ya maharage jikoni, Shangazi akaukausha ule mkia wa njano kwenye kijiko, akakishikilia juu ya makaa yaliyokolea. Tuliinama wote. Nakumbuka joto usoni na pumzi ya majirani shingoni mwangu. Kwa muda ile punje iling'aa zaidi, nikawaza viatu vipya vya harusi. Kisha rangi ikaanza kuondoka, ikawa kahawia, ikawa nyeusi. Shangazi alikitoa kijiko, akapuliza, akaigusa kwa ukucha.

"Shaba," alisema.

Mtu mmoja alicheka, wengine wakamfuata, na ningetegemea Baba naye acheke, maana alijua kujicheka. Lakini Mama aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Sasa shaba imefikaje kwenye gurudumu?"

Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimwona kijana aliyekuwa usoni mwake akiondoka, na akaja mtu mzee kuliko baba yangu.

"Ribiti," alisema.

Niwaeleze kama nilivyokuja kuelezwa. Ndani ya gurudumu la lori kuna chuma cha duara kama sufuria iliyofunikwa, kinaitwa dramu, nacho huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya dramu kuna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, mafundi wanaviita viatu. Dereva akikanyaga, viatu vinatanuka vinaibana dramu, na gari linasimama. Lakini chuma hakisuguani na chuma. Juu ya kiatu kuna kipande kigumu cha kusuguana, lainingi, kimefungwa kwa ribiti za shaba zilizozama ndani yake. Ribiti hazipaswi kuiona dramu kamwe. Shaba ikionekana inadondoka nje, maana yake lainingi imekwisha, na kile unachokisikia kikiimba ni vichwa vya ribiti vinavyolima dramu.

Mama hakuwa dereva, ila alielewa haraka kuliko sisi sote. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Baba.

"Juzi umetoka na mtoto Katoro na gari hili."

"Ndiyo."

"Na mzigo."

"Na mzigo, Mama Zuhura."

Majirani waliaga mmoja mmoja. Kabla ya Runzewe kuna mteremko mrefu unaoshukia darajani, na kila mtu uani pale alikuwa amewahi kuushuka, na kila mtu alikuwa na ndugu ambaye angepanda Jumamosi. Mama yake Mama angepanda. Baba alijaribu kidogo kujitetea. Alisema watu wamekwisha kuahidiwa, lori jingine halipatikani tena, yeye angeshuka kwa gia nzito, taratibu, mwenda pole hajikwai. Mama akamjibu kwamba mwenda pole anajikwaa vizuri tu akiwa hana miguu. Halafu alirudisha maharage jikoni.

Asubuhi lori lilipelekwa kwa Fundi Kulwa, na msafara ule ungewachekesha. Baba aliendesha mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Shija alitembea pembeni ya gurudumu la mbele akiwa na jiwe begani, tayari kulitupa chini ya tairi likigoma kusimama. Mimi na Mama tulifuata nyuma. Vijana wa bodaboda walituuliza maiti yuko wapi.

Fundi Kulwa alikuwa mtu wa Ushirombo, mwenye mwili, mwenye sauti, na unyenyekevu hakupewa hata kidogo. Alifanya kazi amevaa shati lililopigwa pasi, na uchafu haukuthubutu kumgusa. Redio yake ilikuwa inalia, lakini yeye alikuwa na habari zake mwenyewe: gari gani lilimshinda nani na yeye akaliponya, nani alimfuata kutoka mbali gani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama askofu. Akamwamkia Mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", akamsikiliza Baba akieleza, na nilipofikiri sasa atachukua spana, hakuchukua. Alimwambia Baba arudi kwenye usukani, atembeze lori kidogo tu hapo uani penye vumbi, na akanyage.

Baba akafanya hivyo. Fundi hakulitazama lori. Alitazama chini. Alama za tairi zilikuwa zimekuja zimenyooka, na mwishoni, mahali Baba alipokanyaga, zilipinda kushoto kama mkia wa mjusi. Akamrudisha, mara hii mbali zaidi, tena na tena. Kisha akachovya kiganja kwenye maji akakipitisha kwenye gurudumu la kushoto, nasi tukasikia maji yakilia. Akaenda kulia, akaweka kiganja kizima juu ya chuma, akakiacha hapo, akatutazama.

"Huyu analala," alisema. "Mwenzake analima mashamba mawili peke yake. Ndiyo maana amechakaa."

Hakuwa amefungua hata nati moja. Mimi nilikuwa mtoto niliyezoea kustaajabia wachawi wa kwenye hadithi, na pale nilimwona mtu anasoma ndani ya chuma kwa kiganja, mchana kweupe, anajifuta kwa leso. Nilisogea karibu naye kuliko ilivyokuwa adabu.

Walilinyanyua kwa jeki, wakalikalisha juu ya magogo. Nati zilikataa, zikatiwa mafuta, zikakubali. Gurudumu likatoka. Dramu nayo ilipigwa nyundo pembeni, huku na huku, ikaachia ghafla na kutoka na wingu la vumbi jeusi. Fundi aliipindua akanionyesha ndani. Palipaswa kuwa laini kama sahani. Palikuwa na mifereji, mizunguko ya mifereji iliyochimbwa na ribiti, na nilipitisha kidole changu ndani yake, kidole kikazama. Kwenye viatu ribiti zilikuwa zimejipanga, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, nzuri kupita vito vya bi harusi. Lainingi iliyobaki kati yao ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Sikujua kusema nilichokihisi, lakini nakihisi hadi leo. Lori lote lile, na viroba vyake, na Baba anayeimba, na mimi juu ya mto wangu nikidhani miti ndiyo inayokimbia, sote tulikuwa tumeshikiliwa na ganda lile. Niliogopa, na chini ya woga palikuwa na mshangao mkubwa kwamba kitu kidogo hivyo, kisichoonekana na mtu yeyote, kimekuwa kikitupenda siku zote hizo.

Upande wa kulia kisa kilikuwa kingine. Sili inayozuia grisi ilikuwa imekatika, grisi ikatoka kwenye beringi ikalowanisha lainingi, na lainingi yenye grisi haishiki kitu. Fundi alimwonyesha Baba bila kumkaripia. Alisema tu kwamba ule usukani aliokuwa akiuvuta kulia, lori lilikuwa likimwambia jambo, na yeye alikuwa akiliambia linyamaze. Baba aliitika kwa kichwa. Kubana breki, kumbe, kulikuwa kunaongeza kazi kwa aliyechoka.

Kazi ilichukua Ijumaa yote na sehemu ya Jumamosi. Dramu zilipelekwa kwa mchonga vyuma zikanyolewa mpaka mifereji ikaisha. Lainingi za zamani ziling'olewa kwa patasi, za pande zote mbili, maana Fundi alisema breki ni kama ndala, hununui ya mguu mmoja. Mpya zilipigwa ribiti moja moja, na Fundi alizishika mdomoni kama fundi cherehani anavyoshika pini, hivyo kwa mara ya kwanza akanyamaza. Sili mpya, grisi mpya. Kisha ikaja kazi ya kutoa upepo kwenye mabomba ya mafuta ya breki, na Baba ndiye aliyekaa kwenye kabini akikanyaga pedali huku Fundi akiwa chini na spana yake na kichupa.

"Kanyaga. Shikilia. Shikilia hapo hapo. Achia."

Baba yangu hakuwa mtu wa kuamrishwa. Siku ile alikanyaga na kuachia kama mtoto wa chuo mbele ya mwalimu, mpaka vipovu vikaisha ndani ya kichupa.

Jumamosi mchana lori likashuka kwenye magogo. Fundi aliliendesha mwenyewe pale uani, kisha barabarani palipo tambarare, akisimama na kuondoka. Aliporudi akawaamuru vijana wapakie viroba vya mchanga, kwa sababu breki hujaribiwa na mzigo, si na sifa. Mbele ya gereji barabara ya vumbi ilishuka mteremko hadi kwenye kalvati, na huko ndiko alikotaka Baba alishushe, kwa kasi ya kweli, kisha akanyage.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukanyaga ngazi ya kabini. Mto wangu ulikuwa mle.

"Zuhura, shuka," Baba alisema.

"Baba, mimi huwa nakaa—"

"Shuka. Baki na mama yako."

Hakukasirika. Alisema kwa sauti ndogo, akiangalia kioo cha mbele. Fundi Kulwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa pili na alisikia. Alinitazama mimi, akamtazama Baba. Nilimngojea aseme neno la kujisifu, maana hakukosa neno. Aligeukia nyumba yake iliyokuwa nyuma ya gereji, akaita.

"Kabula! Njoo, mwanangu."

Akatoka msichana wa rika langu, nywele amesukwa upande mmoja tu na upande wa pili zimesimama. Alivuka uwanja bila haraka, akapanda kwenye kabini kwa namna ya mtu aliyekwisha kupanda magari mengi, akakaa katikati. Juu ya mto wangu. Fundi akapanda baada yake akafunga mlango.

Baba alikaa kitambo bila kuondoa gari. Kupitia kioo nilimwona akimwangalia yule mtoto, kisha akimwangalia baba yake, na Fundi akitazama mbele, kama abiria anayengoja safari. Ndipo lori likaondoka.

Nilichukia, jamani. Mtoto wa watu apande lori letu, mimi mwenye lori niachwe kwenye vumbi? Machozi yalinitoka ya hasira. Nililitazama likishuka, likipata kasi, viroba vikirukaruka, vumbi jekundu likilifuata kama ng'ombe wanaofuata mchungaji. Mama alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Karibu na kalvati taa nyekundu za nyuma ziliwaka. Lori likainamisha pua, likasimama. Halikupinda, halikuimba. Vumbi lililokuwa likilifuata lilikosa subira, likalipita na kulifunika, na kwa muda hatukuona kitu.

Kisha likatokea likipanda kurudi, polepole. Baba alishuka, akaufumbata mkono wa Fundi kwa mikono yake miwili. "Wabeja," alimshukuru kwa Kisukuma, lugha ambayo huitumia kwa nadra. "Wabeja sana, Baba Kabula." Fundi akamjibu kwamba Runzewe kuna wali mzuri, tuwahi. Kabula aliruka chini akakimbilia kwao. Baba akanigeukia akasema, "Zuhura, panda," na nikapanda, nimenuna.

Harusini tulifika. Kwenye ule mteremko wa darajani wanawake nyuma walikuwa wanaimba na kupiga ngoma, bibi yangu akiwa ndiye kiongozi, na hakuna aliyeonekana kukumbuka kwamba hapo palikuwa na jambo la kufikiriwa. Nilitazama mguu wa Baba. Ulikanyaga kidogo tu, lori likatii.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha dhahabu ya uongo, watu wakacheka, nami nikamaliza na Kabula aliyenipokonya kiti. Niliambiwa baadaye na Shija kwamba ilikuwa desturi yake yule fundi. Gari lililofungwa breki kwake halikuondoka kabla halijashuka mteremko ule likiwa na mtoto wake ndani. Hakuandika dhamana, hakuapa. Wenye magari walijua, ndiyo maana walimvumilia majivuno yake. Hata nilipoambiwa hivyo nilimwona tu Fundi Kulwa, nikamstaajabia upya, mtu anayeweza kuiamini mikono yake kiasi kile.

Sasa mimi ni mama. Mwanangu wa kwanza alipoanza kupanda basi peke yake kwenda shule, nilisimama barabarani nikalisindikiza kwa macho, na pale pale, bila kuitwa, akanijia mtu ambaye siku ile sikumtilia maanani hata kidogo. Lori lilipokuwa linashuka, mama yake Kabula alikuwa ametoka nyumbani na chanuo mkononi. Alikuja mpaka ukingoni mwa barabara, mbali na sisi, akasimama. Vumbi lilipolifunika lori alishika chanuo kwa mikono miwili kifuani, na hakukaa chini, wala hakuegemea kitu, mpaka mwanawe aliporuka kutoka kwenye ngazi.

Mimi nilidhani ana haraka ya kumaliza nywele.